Samaki Wanaochunga Mawe

Wengi wetu hapa Dzaleka tumetoka pande za Uvira, Fizi, Kalemie au Bujumbura, na samaki tunamjua akiwa tayari kwenye sahani: mikeke, ndakala, kuhe. Mwezi huu tumtazame akiwa bado majini. Anafanya kazi gani kule? Na inatuhusu nini sisi tunaokaa Dowa, mbali na ufuko?

Kangaja wa baharini

Wavuvi wa Mombasa na Zanzibar wanamjua kangaja. Ni samaki bapa, mwenye mdomo mdogo na meno ya kukwangulia. Kila upande wa shina la mkia ana mwiba mkali kama wembe. Mvuvi asipoangalia anachanika mkono, ndiyo maana Wazungu wanamwita samaki mpasuaji.

Kutwa nzima kangaja anakula mwani unaoota kwenye miamba ya matumbawe, kama mbuzi anayepunguza majani. Kangaja wakiisha, mwani unazidi, matumbawe machanga yanakosa pa kushika, na samaki wengine wanapoteza makazi.

Mbuna wa Ziwa Malawi

Malawi haina bahari, lakini ina mbuna. Hawa ni samaki wadogo, wengine wa bluu, wengine wa manjano, wanaokaa kwenye mawe ya ziwa. Wengi wao nao hukwangua mwani. Dume akishapata jiwe lake anamfukuza kila jirani! Ili kuwalinda, eneo la Cape Maclear lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1980, na mwaka 1984 UNESCO ikaliweka katika urithi wa dunia.

Tofauti iko kwenye uzazi. Kangaja humwaga mayai mengi sana, mkondo unayachukua, basi, hana habari nayo tena. Mama mbuna anataga machache tu, anayabeba mdomoni kwa wiki tatu hivi, na muda huo karibu hagusi chakula. Mama gani hapa kambini asiyemwelewa? Lakini samaki mwenye watoto wachache akivuliwa kupita kiasi, kurudi kwake ni polepole.

Mla konokono na kichocho

Sasa tuje kwenye afya yetu. Mbuna ana ndugu anayekaa kwenye mchanga, maji mafupi. Wataalamu wanamwita Trematocranus placodon. Ana meno kooni ya kuvunjia konokono, na mama yao pia hubeba watoto mdomoni. Na konokono ndio wanaotunza vijidudu vya kichocho.

Mpaka katikati ya miaka ya 1980, fukwe za wazi za ziwa hili zilihesabiwa salama. Halafu nyavu za matundu madogo zikazidi karibu na ufuko. Mla konokono akapungua, konokono wakaongezeka, na kichocho kikaenea Cape Maclear. Hata watalii walirudi kwao nacho. Watafiti waliochunguza pale wanaona mambo haya yanafuatana.

Malawi ina sheria ya uvuvi ya mwaka 1997, na wizara ziko pale Capital Hill, Lilongwe. Lakini sheria peke yake haili konokono. Anayewala ni samaki, kama tukimwacha akue.

Sisi tufanye nini?

Kichocho hakikai ziwani tu, kinapatikana hata kwenye vijito na mabwawa. Wazazi, msiwaache watoto kuchezea maji hayo. Wafundisheni kutumia choo, kwa sababu mkojo na kinyesi cha mgonjwa ndivyo vinavyopeleka vijidudu kwa konokono. Mtoto akikojoa damu, si uchawi wala si aibu. Mpelekeni kliniki mapema. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Na chandarua, jamani, ni cha kulalia, siyo cha kuvulia, maana kinazoa hata vifaranga vya samaki.

Watoto, swali lenu la mwezi huu: nani anabeba watoto mdomoni, kangaja au mbuna? Waulizeni na wazazi, tuone kama wamesoma!

Tukutane mwezi ujao.