Safari ya mvinyo: Panda ‘matatu’, nenda Kakheti

UKITAJIWA safari ya mvinyo, huenda ukafikiria Ufaransa na papo hapo ukaguna: hiyo ni ya wenye pesa. Hebu basi itazame Georgia, na si lile jimbo la Marekani. Hii ni nchi iliyo kati ya Urusi na Uturuki, ndogo kuliko Kenya karibu mara nane, na watu wake hawafikii idadi ya wakazi wa Nairobi.

Udogo huo usikudanganye. Mwaka 2017, watafiti walitangaza kuwa vigae vya mitungi vilivyochimbuliwa kusini mwa mji mkuu, Tbilisi, vina mabaki ya mvinyo wa miaka 8,000 hivi iliyopita.

Anzia Kakheti, mashariki mwa nchi, kunakotoka sehemu kubwa ya mvinyo wao. Utapanda marshrutka. Usiogope jina, ni matatu tu, na mara nyingi hungoja ijae kama zetu! Baada ya saa mbili hivi utakuwa Sighnaghi, mji mdogo ulio juu ya mlima, wenye ukuta wa zamani. Chini yake kuna bonde la Alazani lililojaa mizabibu, na ng’ambo ni milima ya Caucasus.

Omba mwenyeji akuonyeshe qvevri. Ni mtungi mkubwa wa udongo, uliopakwa nta ya nyuki ndani na kuzikwa ardhini hadi shingoni. Kakheti, maji ya zabibu humiminwa humo pamoja na maganda, mbegu na hata vikonyo, yakakaa miezi kadhaa. Ndiyo maana mvinyo wa zabibu nyeupe hutoka na rangi ya kaharabu. Mwaka 2013, UNESCO iliutambua ufundi huu kuwa urithi wa binadamu.

Ukialikwa mezani, tulia. Karamu yao, supra, ina kiongozi aitwaye tamada. Yeye ndiye hutoa maneno ya heri, kuanzia amani hadi marehemu, kisha watu wanakunywa. Kujimiminia na kubugia kivyako ni kukosa adabu. Hunywi pombe? Sema mapema bila aibu, kisha ule churchkhela, njugu za walnut zilizotungwa kwenye uzi na kuchovywa katika uji wa maji ya zabibu.

Jua pia pesa yako inaenda wapi. Mwaka 2006, Urusi, iliyokuwa mteja wao mkuu, ilipiga marufuku mvinyo wa Georgia hadi 2013. Wakulima walijikuta na mazao bila soko. Ikabidi waboreshe mvinyo, watafute wanunuzi kwingine na kuwafungulia wageni milango. Kwa hivyo ukilala katika nyumba ya wageni ya familia badala ya hoteli kubwa, unamlipa mkulima mwenyewe.

Nenda Septemba au Oktoba, msimu wa mavuno uitwao rtveli, ujichumie zabibu. Lakini hakikisha masharti ya viza kabla ya kununua tikiti, usiendeshe gari baada ya kuonja, na jihadhari na chacha. Inatengenezwa kwa makapi ya zabibu, huonekana kama maji, ila ina makali ya chang’aa.