Kazi ya Kudumu kwa Mwenye Usonji

Kwetu Gisenyi kijana asiye na kazi huambiwa, "Nenda Petite Barrière." Kweli, maelfu ya watu huvuka mpaka huo wa Goma kila siku na vitunguu, unga na nguo. Je, mwenye usonji atafanyaje?

Usonji si laana wala hauambukizi; ni jinsi ubongo ulivyokua tangu utotoni. Wengi wenye usonji husumbuliwa na makelele, msukumano na mabadiliko ya ghafula, na mpakani hayo hayakosekani. Kaka yangu ni mmoja wao. Ameacha kazi mbili pale, akaitwa mvivu. Lakini nyumbani huhesabu magunia bila kukosea.

Nionavyo mimi, kazi ilingane na mtu. Nyuma ya wachuuzi iko kazi ya utulivu: kupima, kupanga viazi kwa ukubwa, kuandika daftari la ushirika. Mwajiri naye ashike mambo matatu: saa zisizobadilika, maagizo mafupi ya wazi, na mtu mmoja wa kuulizwa.

Donald Triplett wa Marekani, ambaye Daktari Leo Kanner alieleza usonji wake mwaka 1943, alianza kazi katika benki ya mji wake wa Forest mwaka 1958, akadumu humo miaka mingi. Benki ile ilikuwa ya jamaa zake. Sisi hatuna benki, ila tunavyo vyama vya ushirika. Basi wewe ambaye mzazi wako ni mwanachama, mweleze habari hii jioni ya leo.