Je, Wajua Kwamba Sponji Kavu Haizuii Vumbi?

Nduthi zinazobeba abiria katika mitaa ya Nairobi kama Kangemi, Kawangware na Uthiru hakuna anayezihesabu kuwa pikipiki za vumbi. Sifa hiyo tumewaachia wanamashindano wa Jamhuri Park, karibu na Ngong Road, wanaoruka matuta wakiwa wamevaa buti na miwani. Lakini mwanamashindano hupanda siku ya mbio tu. Boda hushinda kwenye maramu tangu alfajiri hadi usiku, nyuma ya malori ya mchanga, kando ya majengo yasiyokwisha na mitaro inayofukuliwa kila mara. Mwanamashindano akirudi nyumbani hutoa chujio la hewa na kuliosha. Kwenye steji zetu, chujio hukumbukwa injini ikishaanza kutoa moshi wa buluu. Kwangu mimi hilo ni kosa linalokula jasho la vijana wengi, na ni rahisi kuliondoa.

Chukua Boxer BM 150, ambayo haikosi katika steji yoyote jijini. Silinda yake moja ina ujazo wa sentimita za ujazo 144.8, na huvuta hewa mara moja kila injini inapozunguka mara mbili. Kwa mizunguko 5,000 kwa dakika, mkono wa petroli ukiwa umefunguliwa wote, injini hiyo ndogo hunywa karibu lita 300 za hewa kwa dakika moja. Mtu aliyetulia huvuta lita sita hadi nane. Tena Nairobi iko juu, katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Injini ya hapa tayari ina njaa ya hewa kabla hujaiziba kwa uchafu.

Na vumbi la kwetu si la kuchezewa. Udongo mwekundu wa Dagoretti na Kikuyu umetokana na miamba ya volkano, na wekundu wake ni oksidi ya chuma. Unga wa oksidi hiyohiyo ndio masonara huutumia kung'arishia dhahabu, na mafundi wa vioo wameutumia kusugulia lenzi. Ukichanganyika na chembe za madini ya felspa zinazotoka kwenye mawe yetu ya ujenzi, unapata kitu kigumu kuliko aluminiamu ya pistoni na kuliko chuma cha silinda. Hapo ndani, kati ya ringi na ukuta wa silinda, kuna utando wa oili wenye unene wa sehemu chache za elfu za milimita. Chembe iliyo nene kuliko utando huo hugusa chuma pande zote mbili, ikasugua kila pistoni inapopanda na kushuka.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hulielewa vibaya. Watu hudhani chujio la sponji hufanya kazi kama chekeche: tundu ndogo, vumbi kubwa, basi vumbi linabaki nje. Hebu inua sponji mpya juu uitazame kwenye mwanga. Utaona tundu kwa macho, na tundu unaloliona kwa macho ni kubwa mara nyingi kuliko chembe inayoua ringi. Kama sponji ingekuwa chekeche, vumbi lote lingepita.

Kinacholikamata vumbi ni kona. Ndani ya sponji hakuna njia iliyonyooka. Hewa hulazimika kupinda huku na huku kati ya nyuzi elfu nyingi. Hewa ni nyepesi, hupinda bila shida. Chembe ya vumbi ina uzito, na kwa mwendo ule hushindwa kupinda, kama boda aliyepakia magunia matatu anavyoshindwa kukata kona. Inaenda moja kwa moja na kugonga uzi. Uzi ukiwa na oili, chembe hunata hapo, na chembe nyingine zikija hunata juu yake, maana oili hupanda na kulowesha vumbi lililotangulia. Uzi ukiwa mkavu, chembe hugonga, hudunda, na kuendelea na safari hadi kwenye silinda. Ndiyo maana nasema sponji kavu haizuii vumbi: hupunguza chembe kubwa, lakini zile za hatari huziachia mlango.

Chembe ndogo kabisa nazo zina vituko vyake. Zile zilizo chini sana ya sehemu moja ya elfu ya milimita husukumwa ovyo na molekuli za hewa, zikayumbayumba mpaka zikagusa uzi zenyewe. Kwa hiyo chujio hukamata vizuri vumbi kubwa, na vumbi dogo mno pia. Linalosumbua ni la katikati. Chujio la karatasi lina tabia ya kushangaza zaidi: likiwa limetumika kidogo huchuja vizuri kuliko likiwa jipya, kwa sababu tabaka jembamba la vumbi juu yake huwa chujio la pili. Fundi anayelipuliza kwa kompresa kila asubuhi, tena kwa nguvu, hulivua ngao hiyo na huenda akalitoboa. Likijaa, libadilishwe. Karatasi haioshwi wala haipakwi oili, isipokuwa mwenye kulitengeneza awe amesema hivyo.

Si sisi peke yetu tuliowahi kudharau kitu hiki. Mwaka 1942 Wasovieti waliwapelekea Wamarekani kifaru chao maarufu cha T-34 kikajaribiwe Aberdeen, Maryland. Injini iliharibika baada ya kilomita 343 tu, na wahandisi waliokagua walilaumu chujio la hewa lililopitisha vumbi. Kifaru kilichoogopwa vitani kililazwa na udongo.

Nikipita kwenye mabanda ya mafundi naona makosa yaleyale. Wapo wanaotoa sponji kabisa ili nduthi "ipumue". Huo ni mkopo wenye riba kali. Wapo wanaoiosha kwa petroli, ambayo hulegeza gundi ya sponji na inaweza kuunguza banda zima. Na wapo wanaoichovya katika oili chafu iliyomwagwa kutoka injini nyingine, oili iliyojaa unga wa chuma na masizi. Hilo huniudhi kuliko yote, kwa sababu kikombe kidogo cha oili safi kingetosha.

Kuosha sponji kwenyewe si kazi kubwa. Zima injini, futa vumbi nje ya sanduku la chujio kabla ya kulifungua, kisha ziba mdomo wa bomba kwa kitambaa safi. Osha sponji kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Ikiwa imeganda mafuta, anza na mafuta taa mbali na moto. Ikamue kwa kuibana katikati ya viganja, usiisokote kama nguo, maana itachanika. Ianike kivulini mpaka ikauke kabisa. Ipake oili ya chujio au oili safi ya injini, uibane tena mpaka isidondoke. Kabla ya kuirudisha, pitisha kidole ndani ya bomba la mpira linaloelekea kwenye kabureta. Ukikuta vumbi hapo, mpira umepasuka au chujio halijakaa sawa, na hata sponji safi haitakusaidia. Usihesabu kilomita, hesabu vumbi. Januari na Februari, maramu ikikauka, iangalie kila wiki. Mvua za masika zikianza, unaweza kupumua kidogo.

Injini yenyewe itakueleza hali yake. Moshi mweusi na plagi yenye masizi mara nyingi huonyesha hewa imebanwa na petroli imezidi, na petroli ikizidi huosha oili kwenye kuta za silinda. Moshi wa buluu ni dalili kwamba oili inaungua, na mara nyingi ringi zimeshalika. Hapo ndipo kijana anayelipia nduthi yake kwa mkopo wa kila siku huambiwa anunue pistoni, ringi, na pengine silinda, huku siku zake bila kazi zikihesabiwa. Sponji inayopatikana madukani Kirinyaga Road ingegharimu sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

Lipo na la mazingira. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, kisha hushuka ukipokea kila tulichomwaga njiani. Injini iliyolika hunywa oili, huongezewa oili, huchafua oili upesi, na oili hiyo huishia mtaroni. Serikali ya kaunti ingeweka mapipa ya kukusanyia oili chafu karibu na mabanda ya mafundi, na vyama vya bodaboda vingefanya uoshaji wa chujio uwe somo la kwanza la mwanachama mpya. Pikipiki za umeme zimeanza kuonekana jijini, nazo hazivuti hewa wala hazimwagi oili; tunazikaribisha sana. Lakini zile za petroli bado zitakuwa nasi kwa miaka, na kuua injini nzima kwa ajili ya kipande cha sponji ni ubadhirifu.

Chujio la hewa, liwe la sponji, la karatasi au la beseni la oili, liko pia kwenye jenereta za maduka ya River Road, mashine za kusaga unga, pampu za maji za wakulima wa Kikuyu, misumeno ya kukatia miti, kompresa za wapaka rangi, matingatinga, tuktuk na matatu. Kama una mojawapo, fungua kifuniko chake wiki hii.