BABU YAKO ALIKWENDA VITA GANI?

Siku moja lichunguze lile sanduku la bati lililosukumwa chini ya kitanda cha bibi. Huenda chini ya kanga na vyeti vya ubatizo imelala nishani yenye utepe uliochakaa, au cheti kilichokunjwa mara nne hata maandishi yakafifia. Watoto huichezea nishani. Wakubwa husema tu, "Ya babu huyo, ya vitani." Lakini ukiuliza ni vita gani, alifika wapi na alirudi lini, kila mtu humtazama mwenzake.

Makala haya yamekusudiwa kwa wale wenye asili ya Njombe na Makambako wanaotaka kumjua babu huyo. Kazi hii haihitaji usomi mkubwa. Yataka subira, daftari, na kuanza kabla wazee waliobaki hawajatutoka.

ANZIA NYUMBANI

Jambo la kwanza ni kujua vita vyenyewe. Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, vilifika mlangoni kwetu. Katikati ya mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia Njombe yakitokea kusini-magharibi, na mwezi Julai yakapigana na Wajerumani huko Malangali. Kabla mwaka haujaisha, Wajerumani waliorudi nyuma kutoka Tabora walipigana Lupembe na Ilembula. Oktoba 1918 Lettow-Vorbeck alipita tena Ubena, akamwacha huko Jenerali Wahle aliyekuwa mgonjwa, naye akaendelea kuelekea Rhodesia ya Kaskazini.

Kila jeshi lililopita lilitaka chakula na watu wa kubeba mizigo. Basi usishangae ukisikia kwamba mzee mmoja aliwabebea Wajerumani, kisha akawabebea Waingereza. Usiulize, "Babu alikuwa upande upi?" Uliza, "Ni nani aliyefika kijijini, akamchukua?"

Vita vya Pili, 1939 hadi 1945, viliwapeleka vijana wetu mbali: Ethiopia, Madagaska na Burma. Waulize wazee majina ya nchi, ya meli na ya wenzake aliowataja. Lakini jihadhari: katika miaka hiyo serikali ya kikoloni ililazimisha watu pia kufanya kazi katika mashamba makubwa. Yule anayesemwa "alichukuliwa wakati wa vita" huenda hakushika bunduki hata siku moja, bali alikata mkonge.

Kama hakuna anayekumbuka mwaka, uliza ni mtoto yupi aliyezaliwa alipokuwa safarini, kisha uende kwenye vitabu vya ubatizo vya misheni ya jirani.

NAMBA NA JINA

Ukipata nishani ya fedha ya Vita vya Kwanza, itazame ukingoni. Mara nyingi humo mmechongwa namba, jina na kikosi. Nishani za Waingereza za Vita vya Pili kwa kawaida hazikuchongwa jina, kwa hiyo cheti cha kumaliza utumishi kina thamani kubwa zaidi. Nakili namba kwanza. Karani aliandika jina kama sikio lake lilivyosikia, na babu mwenyewe huenda alitaja jina la baba yake leo, na kesho la ubatizo.

GAZETI LISEMAVYO NA LINYAMAZAVYO

Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapa habari, barua na mashairi ya wasomaji. Kwetu la Erica Fiah lilianza mwaka 1937, na wakati wa vita askari walikuwa na magazeti yao, Askari na Heshima. Magazeti ya zamani yatafute katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya Afrika Mashariki. Usitafute jina la babu peke yake. Tafuta kikosi chake na mwezi wake.

Lakini kumbuka kuwa habari za vita zilichujwa. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani katika Bahari ya Hindi. Watu karibu 1,300 walikufa, miongoni mwao mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Familia ambayo barua za kijana wao zilikatika mwezi huo yafaa iitazame tarehe hiyo.

Kisha nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, uombe kitabu cha Wilaya ya Njombe cha wakati wa Waingereza. Njombe imekuwa mkoa mwaka 2012 tu. Mafaili ya zamani yatafute chini ya Iringa au Jimbo la Nyanda za Juu Kusini.

WASIOANDIKWA

Wapagazi ndio wagumu kupatikana. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao, lakini wao wenyewe wengi hawana kaburi linalojulikana. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, waliokufa katika Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo majina yameanza kupatikana katika mafaili ya zamani yaliyohifadhiwa Nairobi. Aliye na jina, mwaka na kijiji mkononi ana kitu cha kuwapelekea.

Na kama hukupata kitu ofisini, usidhani kazi imepotea. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, sembuse mtu! Karani wa vita hakumwandika babu yako, basi mwandike wewe. Safari ijayo utakaposhuka Makambako, pamoja na sukari ya bibi, beba daftari na kalamu. Keti naye jioni moja, umwulize jina kamili la yule aliyechukuliwa, na uandike kama anavyolitamka yeye.