Makaratasi ya Gari ni Ngao ya Mfanyakazi



Kila asubuhi wengi wetu tunapanda gari lisilo letu. Wengine wanapelekwa kiwandani kwa basi dogo. Wengine wanasimama nyuma ya kamioni kwenda kuchuma chai Teza, au kufanya kazi katika mashamba ya tambarare ya Rusizi. Gari ni la tajiri, lakini miili inayobebwa humo ni yetu. Kwa hiyo makaratasi ya gari si shauri la dereva na polisi peke yao. Ni shauri letu pia.

Makaratasi makubwa ni matatu. La kwanza ni karte roze, inayoonyesha gari ni la nani na namba yake ni ipi. La pili ni cheti cha ukaguzi, ambacho hapa Bujumbura tunakiita kontrole tekinike. La tatu ni cheti cha bima, yaani asiransi. Kila moja lina kazi yake, na moja haliwezi kushika mahali pa jingine.

Ukaguzi ni kulipima gari kama linafaa kutembea barabarani. Hutazamwa breki, usukani, matairi, taa na kadhalika. Hebu tufikiri juu ya barabara ya Bugarama. Mji wetu uko ukingoni mwa ziwa, karibu mita 775 juu ya bahari. Bugarama iko juu ya mita 2,000, na kati yake ni kilomita zipatazo 35 tu. Kamioni yenye mzigo ikishuka huko kwa kukanyaga breki wakati wote, breki zinapata moto, na zikipata moto sana hazishiki tena. Dereva mwenye akili anashuka kwa gia ndogo ili injini yenyewe ilizuie gari. Lakini kama breki zimekwisha tangu zamani, hata dereva hodari hana la kufanya. Ndiyo maana ya ukaguzi. Tena tujue kwamba cheti kinasema gari lilikuwa zima siku lilipopimwa. Hakisemi kwamba ni zima leo. Dereva akiona kasoro aiseme kwa mwajiri, na ikiwezekana aiandike.

Sasa bima. Wengi wanadhani bima ni ya kulitengeneza gari la tajiri. Sivyo. Bima ya lazima ni kwa ajili ya mtu mwingine aliyeumizwa na gari hilo, au aliyeharibiwa mali yake. Tajiri akitaka gari lake mwenyewe lilipwe, anunue bima nyingine ya juu zaidi. Uingereza iliweka sheria ya bima ya lazima mwaka 1930, na Ubelgiji mwaka 1956. Sababu ilikuwa moja: watu waligongwa na kuvunjika miguu, wakaambiwa mwenye gari hana kitu. Hapa kwetu kampuni ya SOCABU ilianzishwa mwaka 1977, na leo ziko kampuni nyingine pia.

Ndugu madereva wanaovuka Kobero kwenda Dar es Salaam wanajua karata ya manjano ya COMESA. Mpango huo ulianza kazi mwaka 1987. Karata hiyo hulipia madhara ambayo gari limewatendea watu katika nchi nyingine za mpango, na matibabu ya dereva na abiria wake. Usivuke mpaka bila hiyo.

Ajali ikitokea, tufanye nini?

Kwanza, tuwaokoe walioumia. Pili, polisi waitwe, na gari lisiondolewe kabla hawajapima, isipokuwa linahatarisha watu. Taarifa yao, ile tunayoiita PV, ndiyo mzizi wa madai yote. Tatu, andika namba ya gari, jina la dereva, jina la kampuni ya bima, namba ya cheti na siku kinapokwisha. Andika pia majina ya walioona. Nne, chunga kila karatasi ya hospitali na kila risiti ya dawa. Tano, habari ifikishwe kwa kampuni ya bima upesi, kwa maandishi, nawe ubaki na nakala yenye mhuri.

Mfanyakazi aliyeumia kazini, au njiani kwenda kazini, ana mlango wa pili. Huo ni INSS, ambayo hushughulika na ajali za kazi. Mwajiri ndiye anayepaswa kuitangaza ajali huko. Akinyamaza, wewe au jamaa zako msinyamaze. Nendeni wenyewe, au mje chamani twende pamoja. Na kabla ya balaa lolote, uliza leo kama jina lako limeandikwa INSS. Vibarua wa mashamba ndio wanaosahauliwa zaidi.

Tumewaona wenzetu wakiambiwa, "Cheti cha gari kilikuwa kimekwisha, hakuna malipo." Tusikubali neno hilo kwa mdomo tu. Aliyepandishwa nyuma ya kamioni hakuwa mlinzi wa makaratasi.  Daini jibu lililoandikwa na kutiwa sahihi. Likiwa si la haki, iko ofisi ya serikali inayosimamia kampuni za bima, ARCA, na ziko mahakama.

Jambo la mwisho. Wakati mgonjwa yuko kitandani na watoto wana njaa, huja mtu na fedha kidogo na barua ya Kifaransa. Usitie sahihi wala dole gumba kabla ya kusomewa maneno yote na mtu unayemwamini. Barua kama hiyo mara nyingi husema umelipwa yote na hutadai tena. Mguu uliovunjika unaweza kukusumbua miaka kumi. Fedha zile zitakwisha kwa wiki moja.

Sisi tunaomba kila kiwanda na kila shamba wajumbe wetu waonyeshwe vyeti vya magari yanayowabeba watu, na waandike siku vinapokwisha. Kazi hiyo inataka daftari moja na kalamu moja. Tuianze wiki hii.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.