Fahamu: Kujifunza kwa vikundi si kukaa duara tu

Tangu 2005 mtaala wa sekondari Tanzania unadai umahiri, si kukariri. Hata hivyo mwalimu kuandika ubaoni na wanafunzi kunakili ni jambo la kawaida.

Njia ya vikundi hugawa kazi. Chukua Historia, hapa Tabora: mmoja anasoma Bagamoyo, mwingine Unyanyembe, wa tatu Ujiji, kisha kila mmoja anawafundisha wenzake kuhusu misafara ya pembe za ndovu. Mtegeaji anawakwamisha wote. Mwanasaikolojia Elliot Aronson alibuni mbinu hii Texas mwaka 1971.

Kikwazo kikubwa, nionavyo, ni lugha: mjadala unachemka kwa Kiswahili, ripoti inatakiwa kwa Kiingereza, na hapo wengi hunyamaza. Halafu Baraza la Mitihani (NECTA) hupima mmoja mmoja, hivyo alama ya kikundi pekee haitoshi.