Kona ya bati inagoma kukutana? Angalia mchoro kabla ya kumlaumu fundi

Ukipita Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, unasikia nyundo kabla hujamwona fundi. Kwa miaka mingi kazi ya bati imekwenda hivyo: pima, chora, kata, kunja, gonga mpaka ikae. Kona ikileta ubishi, nyundo inaumaliza.

Lakini siku hizi mteja anaweza kuagiza vifuniko 50 vinavyofanana, na fundi anapeleka faili kwenye flashi kwa mwenye mashine ya leza. Hapo mchezo unabadilika. Kosa la milimita 3 kwenye mchoro mmoja linakatwa mara 50, na bati likishakatwa halirudi dukani.

Kosa hilo mara nyingi linajificha kwenye kona, pale kingo mbili zilizokunjwa zinapokutana ili zichomelewe. Kingo hizo mafundi huziita flenji. Tuone zinavyochorwa kwenye programu za CAD.

Boksi lililofungwa halifunguki

Anayeanza huchora boksi kama tofali, kisha anachimba ndani mpaka zinabaki kuta za mm 2. Kwenye skrini linapendeza. Akibonyeza kitufe cha kulilaza liwe bapa, programu inakataa.

Programu haijaharibika. Chukua boksi la viatu ujaribu kulilaza mezani bila kuchana kona zake. Huwezi. Kompyuta nayo haiwezi, kwa sababu kuta zote nne zimeungana kuwa kitu kimoja.

Njia sahihi ni kutumia sehemu ya programu iliyotengenezwa kwa ajili ya bati. SolidWorks na Fusion wanayo. FreeCAD, ambayo ni ya bure, ina nyongeza iitwayo SheetMetal. Unaanza na sakafu bapa, unataja unene wa bati, kisha unaongeza flenji upande mmoja mmoja. Kati ya flenji na flenji lazima libaki pengo, hata liwe jembamba kama unywele.

Hesabu ya kukunja

Bati likikunjwa, upande wa nje unavutika na wa ndani unabanwa. Katikati kuna mstari usiovutika wala kubanwa. Mahali mstari huo ulipo huelezwa kwa namba inayoitwa K. Kwa bati la chuma la kawaida, K huwa karibu na 0.4.

Tuseme unatengeneza kifuniko cha boksi la betri za sola. Kwa nje kina mm 400 kwa 300, na kingo zinashuka mm 50. Bati ni la mm 2, ambalo kwa geji za Uingereza ni karibu geji 14. Mviringo wa ndani wa kona nao ni mm 2.

Wengi watajumlisha tu: 400 + 50 + 50 = 500. Kumbe sivyo.

Sehemu inayokunjwa ina urefu wa 1.57 × (2 + 0.4 × 2), yaani mm 4.4. Ukipima kwa nje, kona hiyo unaihesabu kama mm 8, kwa sababu kila upande unachukua unene na mviringo, 2 + 2. Tofauti ni mm 3.6 kwa kila mkunjo. Mikunjo ni miwili, kwa hiyo unatoa 7.2. Bati linatakiwa likatwe mm 492.8, na upande wa pili mm 392.8.

Ukikata 500 na kukunja mm 50 kutoka ukingoni, kifuniko kitatoka na upana wa mm 403.6. Kitacheza juu ya boksi, na mvua ya kwanza itaingia kwenye betri.

Pengo la kona, acha kwa makusudi

Sasa tuje kwenye kona yenyewe. Programu nyingi zitakuuliza flenji zikutane vipi. Moja inaweza kupanda juu ya nyingine, au zote mbili zigusane kwa ncha za ndani tu.

Kwa bati la mm 2 linalochomelewa kwa nje, kugusana kwa ncha za ndani kunafaa sana. Kunaacha mfereji mdogo wa mm 2 kwa mm 2 kwenye kona nzima. Chuma kilichoyeyuka kinajaa humo, fundi anapitisha grainda kidogo, kazi imekwisha.

Kwa bati jembamba, tuseme mm 1, moto hutoboa haraka. Hapo ni afadhali ukingo mmoja ufunike unene wa mwingine, ili moto upate chuma cha kutosha.

Kwenye kifuniko chetu, ili ncha za ndani zigusane, ukuta mrefu unakuwa mm 396 na mfupi mm 296. Maana yake pembe unayoikata kwenye kila kona ya bati ni mm 48.4 kwa 48.4. Ile ya 50 kwa 50 ambayo mkono umezoea siyo yenyewe.

Usisahau kitobo

Kuna jambo moja zaidi. Mikunjo miwili ikikutana sehemu moja, bati halina pa kwenda. Linajikunyata, linavimba au linachanika.

Dawa yake ni kutoboa mahali mistari ya mikunjo inapokutana. Kwa mfano wetu, kitobo cha kipenyo cha mm 6 hivi kinatosha. Programu zinaweza kukiweka zenyewe ukichagua aina na ukubwa. Kwa kuwa kifuniko chetu kinazuia maji, mwambie mchomeleaji azibe vitobo hivyo anapomaliza kona. La sivyo vitabaki kuwa vitundu vya kuvuja.

Muulize mwenye mashine kwanza

Mviringo wa ndani hauchagui wewe peke yako. Mashine ya kubendi hukandamiza bati kwenye mfereji wenye umbo la V, na kwa chuma cha kawaida mviringo hutoka karibu moja ya sita ya upana wa mfereji huo. Mfereji wa mm 12 unakupa mm 2. Mwenye mashine akiwa na wa mm 16 tu, mviringo unakuwa karibu mm 2.7, na hesabu zote za juu zinabadilika.

Muulize pia kuhusu mkunjo wa nne. Kuta tatu zikishasimama, kisu kirefu cha mashine kinaweza kugonga kuta za pembeni. Anahitaji kisu cha vipande kinachoingia katikati yake. Kama hana, mchoro wako mzuri utakwama mbele ya mashine.

Ukifika kwenye kuchomelea, shikiza kona zote nne kwa vidonge vidogo kwanza, kisha maliza moja moja kwa kuvuka upande wa pili. Ukimaliza kona moja yote kwa mkupuo, joto litapinda kifuniko.

Jaribio la dakika tano

Kabla ya kukata vifuniko 50, omba kipande cha bati lilelile. Kikate mm 100 kamili, ukikunje katikati nyuzi 90 kwenye mashine ileile. Pima miguu yote miwili kwa nje, jumlisha, kisha toa 100.

Ukipata 3.6, mchoro wako uko sawa. Ukipata 3.9 au 3.2, amini kipande hicho kuliko skrini. Baadhi ya programu hupokea namba hiyo moja kwa moja. Nyingine utabadilisha K mpaka urefu wa bapa ulingane na kipande ulichoshika.

Kisha kata kifuniko kimoja tu, kikunje, ukijaribu juu ya boksi la betri. Kikikaa vizuri, ruhusu 49 vilivyobaki.